Mgonjwa Mwenye Watu

Katika miaka ya hamsini, watu wa Kariakoo waliiogopa hospitali ya serikali kwa sababu ambayo sijaiona ikielezwa sawasawa na wale walioandika juu ya zama hizo. Huandika kwamba tuliogopa kisu cha daktari, au kwamba tuling'ang'ania mizizi na makombe ya walimu wa Kurani kwa ujinga. Mimi nilikuwepo, mwalimu kijana wa shule ya mtaani, na niliyoyaona ni mengine. Kisu watu walikivumilia. Walichokihofu ni kulazwa mahali ambapo mtu angeweza kudhaniwa kuwa hana watu.

Mwenye watu, kwa maana tuliyoielewa sote, ni yule ambaye akiugua kuna wa kumwogesha, na akifa kuna wa kuja kumchukua. Asiye na watu ni wa kuokotwa. Uvumi uliozunguka mitaani ulisema kwamba mgonjwa anayekula chakula cha hospitali huhesabiwa kuwa maskini wa serikali, na maskini wa serikali akifa haendi kaburini. Hupelekwa katika chumba fulani, ambako wanaojifunza udaktari humkatakata. Wengine walichanganya humo habari za mumiani na damu. Niliwauliza wengi wameyapata wapi hayo. Kila mmoja alikuwa ameambiwa na mtu ambaye naye aliambiwa. Aliyeona kwa macho yake sikumpata.

Baba yangu mdogo alikuwa mchukuzi. Kazi yake ilikuwa kushusha magunia ya mchele na vitunguu kutoka kwenye malori na kuyaingiza katika maduka ya jumla yaliyolizunguka soko. Alikuwa na ngiri ya miaka mingi, ambayo aliifunga kwa kitambaa kila asubuhi kama mtu anavyofunga mkanda, na hakuisema kwa mtu. Siku moja aliinua gunia, akaliweka chini taratibu, akaketi juu yake na kuanza kutapika. Mwenye duka, mzee wa Kihindi ambaye hakuwa na desturi ya kusimamisha kazi, alifunga mlango mmoja wa duka na kuamuru mkokoteni umlete mgonjwa nyumbani kwetu, upande wa Gerezani.

Nyumba ile ilikuwa chini ya amri ya shangazi yangu, dada mkubwa wa baba na wa baba mdogo. Nilipofika kutoka shuleni nilimkuta amemlaza mdogo wake kwenye mkeka, anamkanda tumbo kwa maji ya moto. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Nilimwita dresa mmoja, mfunga vidonda wa hospitali, aliyeishi mtaa wa pili. Aliligusa mara moja tu, akasema kwamba utumbo umebanwa, na kwamba mtu huyu asipopasuliwa leo, kesho tutakuwa tunatafuta sanda.

Baba mdogo aliyasikia hayo. Akakubali kwa sharti moja, ambalo hakunipa mimi bali dada yake. Alimtaka aape kwamba kila siku atamletea chakula kutoka nyumbani, mbele ya watu, ili wodi nzima ione kuwa ana watu. Shangazi aliapa, mkono wake ukiwa juu ya kichwa cha mdogo wake. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba kiapo kile kingeweza kumwua.

Daktari aliyempasua alikuwa Mwingereza wa maneno machache. Alinieleza kwamba sehemu ya utumbo ilikuwa imekwisha kuoza, kwamba ameikata na kuziunganisha ncha mbili zilizobaki, na kwamba maungio yale ni mabichi. Mgonjwa asipewe kitu kwa kinywa, ila kulowanishwa midomo, mpaka utumbo uamke. Kwa wakati huo angeishi kwa chupa ya maji iliyoning'inizwa juu ya kitanda. Niliuliza tutajuaje kwamba utumbo umeamka. Alinitajia ishara, nami nikarudi barazani kumtafsiria shangazi, nikitafuta maneno ya adabu kuhusu upepo wa mwilini kupata njia yake.

"Sema kujamba, mwanangu," alisema shangazi. "Mimi ndiye niliyekuwa nikikutawaza."

Alielewa neno, lakini katazo hakulikubali. Siku iliyofuata alikuja saa ya kutazama wagonjwa, bakuli la wali wa nazi na samaki mkononi, limefunikwa kawa. Dresa wa mlangoni alimrudisha. Kesho yake alilificha ndani ya khanga, akapita. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda, na kabla sijaelewa kinachotendeka, baba mdogo, ambaye asubuhi ile hakuweza hata kugeuza shingo, alikuwa ameshapeleka mkono. Nililishika bakuli. Alinitazama kwa namna ambayo mtu mzima hamtazami mtoto wa kaka yake.

"Unataka nife kama mtu wa kuokotwa?" aliniuliza.

Nilimjibu kwamba nataka asife kabisa. Shangazi aliondoka na bakuli lake bila kunitazama. Nilijua kwamba kesho atajaribu tena, na kwamba nami saa hiyo huenda nitakuwa darasani. Matonge machache yangetosha kuyafumua maungio yale.

Niliona dawa ya uvumi ni ushahidi. Nilikwenda kwa dresa aliyeshika funguo za chumba cha maiti, nikamwuliza bila kuzunguka nini huwapata wafu wasiochukuliwa. Alinijibu kwamba hukaa muda uliowekwa, kisha Waislamu hupewa watu wa msikiti, Wakristo hupewa kanisa, na ambaye dini yake haikujulikana huzikwa na serikali. Sikutosheka na kauli ya mtu mmoja. Nilimwendea mzee aliyeosha maiti katika msikiti wa mtaa wetu, naye akathibitisha kwamba ameitwa hospitali zaidi ya mara moja, akaosha, akakafini, na kwamba miili aliyopewa ilikuwa mizima isipokuwa palipokuwa na jeraha au mshono. Nikarudi nyumbani, nikamweleza shangazi yote kwa utaratibu.

Alinisikiliza mpaka mwisho huku akichagua mchele. Kisha akauliza yule dresa anakula mshahara wa nani. Na kuhusu mzee wa msikiti alisema, "Ameosha aliopewa. Ambao hakupewa atawajuaje?"

Shahidi hawezi kushuhudia zaidi ya alichokiona, na kanuni hiyo nilikuwa nikiifundisha mwenyewe darasani.

Hapa sina budi kueleza jambo nililolijua miaka mingi baadaye, nilipopata nafasi ya kusoma historia ya Uingereza kwa kina. Waingereza walikuwa na nyumba za maskini nchini kwao kabla ya kutujengea sisi hospitali. Aliyeshindwa kujilisha aliingia humo, akavuliwa nguo zake na kuvishwa sare, mume akatengwa na mkewe, wazazi na watoto wao, na akiugua alitibiwa humohumo. Palikuwa na sheria iliyoruhusu maiti ya mtu wa nyumba hiyo, ikikosa wa kuidai, ipewe wanaojifunza upasuaji. Maskini wa huko waliijua sheria hiyo vizuri. Walichanga senti zao katika vyama vya maziko, na wapo waliopunguza mkate ili wasikose mchango, maana kuzikwa na serikali kulikuwa aibu kuu kuliko njaa.

Maneno yaliyokuwa vinywani mwa wachukuzi wa Kariakoo, ambayo niliyachunguza na kuyaona ni uongo, yalikuwa kweli tupu katika nchi nyingine kabla babu yangu hajazaliwa. Yalifikaje kwetu? Kama yaliletwa na mabaharia, na askari, au na wapishi waliosikia mazungumzo mezani, sijui, na sitakisia. Huenda hayakuletwa na mtu. Huenda maskini wa popote akilazwa kwenye kitanda cha chuma, akivalishwa nguo isiyo yake, na jamaa zake wakipangiwa saa ya kumwona, hofu hiyo huzaliwa yenyewe. Ninachoweza kusema kwa hakika ni kwamba hospitali ile iliokoa watu wengi, na kwamba walioiweka hawakujiuliza mgonjwa wetu anahitaji nini ili akubali kuokolewa.

Kwenye kitanda cha pili, ubavuni mwa baba mdogo, alilazwa Mnyamwezi mmoja aliyekuwa kuli wa bandarini. Kasha lilimwangukia, na mguu wake ulikuwa umefungwa plasta na kuning'inizwa kwa kamba na mawe ya mizani. Hakuwa na ndugu mjini. Saa ya kutazama wagonjwa aliitumia kutazama dari, na uji wa hospitali aliunywa wote akafuta kikombe kwa kidole. Baba mdogo alikuwa amempa kisogo tangu siku ya kwanza. Huyo ndiye aliyekuwa mfano wa kila alichokiogopa.

Siku ya tatu shangazi aliingia na bakuli bila kulificha, nadhani kwa sababu alikuwa amechoka kujificha. Nilikuwa nimeomba ruhusa shuleni, na nilikuwa nimesimama kati yake na kitanda. Tulianza kubishana kwa sauti ya chini. Akaweka bakuli juu ya kijimeza kilichokuwa katikati ya vitanda viwili, ili aweze kunionyesha kidole vizuri.

"Mama," aliita Mnyamwezi, "ninyi ni Wazaramo?"

Shangazi akamjibu kwamba ndivyo, kwani kuna nini.

Yule mtu alicheka mpaka kamba za mguu zikatikisika. Akanyoosha mkono, akalivuta bakuli, akaondoa kawa. "Basi hiki changu. Watani zangu mnapita na samaki puani pangu siku zote hizi kama hamnioni."

Ni lazima nieleze kwa wasomaji vijana. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu zama za misafara. Mtani akichukua chako, huna ruhusa ya kukasirika. Una ruhusa ya kumtukana tu, naye akutukane. Ukifiwa, yeye huja kufanya kazi za msibani na kuwachekesha waliao, na hiyo si hiari yake. Ni wajibu.

Shangazi alikaa chini pale alipokuwa, kwenye ukingo wa kitanda cha mdogo wake. "Kula," alimwambia. "Mlitembea kutoka bara na meno ya tembo vichwani, mkafika pwani hamjui hata kutoa mwiba wa samaki."

"Na tuliwakuta mmelala chini ya mnazi," alisema yule mtu, kinywa kimejaa, "mnaingoja nazi iamue yenyewe."

Wodi nzima ilicheka. Baba mdogo alicheka pia, ameshika mshono kwa mikono miwili, machozi yakimtoka kwa maumivu, akituomba tumnyamazishe mtu huyu. Sista wa Kiingereza alikuja mbio, akaangalia ni kitanda gani chenye bakuli, akaona si kile alichokihofia, akarudi alikotoka.

Tangu hapo chakula kilikuja kila siku, mbele ya watu wote, kwa jina la baba mdogo, kikaliwa na mtani wake. Kiapo kilitimizwa na agizo la daktari likatimizwa. Jambo hilo sikuwa nimelipanga mimi, wala sidhani kwamba yeyote alilipanga.

Hatimaye utumbo uliamka, na ishara yake ikasikika mpaka vitanda vya mbali. Mtani aliipokea kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Daktari akaagiza uji mwepesi wa hospitali, na kitu kingine chochote kisimpite kooni. Dresa akauleta katika kikombe cha bati chenye alama ya serikali. Baba mdogo akafunga kinywa. Alisema atangoja cha nyumbani. Shangazi alinitazama, kisha akakitazama kikombe, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba hata yeye hajui amwambie nini. Mgonjwa alikuwa amekonda mpaka taya zimetokeza. Chupa ilikuwa imekwisha ondolewa.

"Kunywa, Mzaramo," alisema mtu wa kitanda cha pili, na safari hii hakucheka. "Ukifa nitakuzika mimi. Hakuna Mzungu atakayekugusa kabla sijasimama kaburini kwako nikakutukana."

Baba mdogo akageuza kichwa upande ule. Akamwuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka hakika, yeye mwenyewe akifa na huo mguu wake atazikwa na nani.

Aliyejibu ni shangazi.

"Huyu? Huyu tutamtupa baharini," alisema. "Tena mimi ndiye nitakayeshika miguu."

Yule mtu akatazama dari yake. Akasema kwamba mguu mmoja ni mzito, ashike kwa uangalifu. Baba mdogo akachukua kikombe kutoka mkononi mwa dresa, akanywa kidogo, akangoja, akanywa tena. Shangazi alimtazama mpaka alipokimaliza. Kisha akamgeukia mtani na kumwuliza kesho ampikie nini, maana ni wazi kwamba ataendelea kumlisha. Alijibu kwamba chochote, ila samaki amechoka nao. Shangazi akamwambia atakula samaki.