Mkono wa Breki

Mgeni akija kwangu na kulitazama lile behewa dogo la shaba kabatini, hatimaye huuliza kwa nini lina mkono wa breki upande mmoja tu. Humjibu kwamba reli ya Kajiado ni tambarare, breki moja inatosha. Ni uongo mtupu, maana reli ile ikielekea Magadi ina mteremko wa kutisha. Lakini mtu akiuliza akiwa amesimama na kikombe cha chai mkononi, huwezi kumwanzia hadithi yote.

Kazi ya kuunda vibehewa kama hicho nilifundishwa na mhandisi mmoja wa kigeni miaka ya tisini, nilipokuwa fundi wa umeme katika kiwanda cha saruji na kupanga chumba Kitengela. Jioni wenzake walikwenda kucheza gofu, yeye alikuwa akiunda mabehewa ya mizigo yenye urefu wa kiganja. Mkataba wake ulipokwisha aliniachia sanduku zima. Ndani mlikuwa na bahasha, na katika kila bahasha mabati ya shaba membamba kama ukucha, yaliyochongwa kwa asidi huko kwao. Behewa lote limo katika bati moja, vipande vimeshikana kwa vishikizo vidogo sana: ngazi, milango, mikono ya breki, hata misumari. Unakata, unalainisha kwa tupa, unakunja, unalehemu.

Kukunja ndiko kunakomnyoosha mtu. Kuna mstari uliochongwa nusu, na mstari huo lazima ubaki upande wa ndani wa kona. Ukikunja kinyume kisha ukajaribu kurudisha, shaba inakatika na hakuna duka la kukimbilia. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, lakini mbele ya bati lile nilijifunza kupumua kwanza. Mke wangu alisema shaba ilinilea vizuri kuliko mama yangu, na mama yangu alipoambiwa alikubali.

Mke wangu ni Mmaasai wa karibu na mji wa Kajiado. Kwao reli inapita nyuma ya boma, unaweza kukaa mlangoni ukahesabu mabehewa ya magadi yakipita meupe kwa vumbi. Kwa hivyo nilipopata likizo ya Desemba, mwaka ambao binti yetu alikuwa anatambaa, nilifunga bahasha ya behewa lenye tumbo la faneli, lile linalomwaga mzigo kwa chini, nikasema nitaliundia ukweni huku nikiyatazama ya kweli. Mke wangu aliniuliza kama ninakwenda kuwaona wazazi wake au treni. Nikamwambia zote ziko njia moja.

Sasa lazima nieleze habari ya mama mkwe. Mimi ni Mkamba, na kwetu pia mkwe wa kike haangaliwi ovyo, lakini kule tulizidisha. Nililazwa katika nyumba ya mabati pembeni mwa boma. Hatukula pamoja, hatukukaa karibu, na akitokea huku mimi nilitokea kule. Tuliitana Paker, kutokana na kondoo niliyempelekea wakati wa posa. Aliyetoa na aliyepokea wote huitwa hivyo. Asubuhi nilimsalimu “Takwenya” nikiangalia chini, yeye akajibu “Iko” akiangalia mbuzi, na hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu ya siku nzima. Jambo lolote jingine lilipitia kwa mke wangu. Nilimpenda mama yule, nasema wazi, lakini ungeniuliza sura yake ningekueleza mgongo wake.

Yeye alikuwa mshonaji wa shanga. Kutwa alikaa kivulini upande wake na kapu la nyuzi, na mimi nikakaa mlangoni kwangu na kibano changu. Mke wangu alikuwa akipita katikati na mtoto, akisema amezungukwa na watu wawili wanaotafuta vitu visivyoonekana.

Siku ya tatu au ya nne nilimaliza kulainisha mikono miwili ya breki. Ni vijiti vyembamba vyenye tundu kila upande, na nilivisugua mpaka vikang'aa. Upepo wa Kajiado ukaja na vumbi lake, karatasi niliyoviwekea ikapinduka. Kimoja nilikikuta palepale. Cha pili nilikitafuta kwa magoti mpaka kuku wakaanza kunifuata wakidhani ninawatupia mahindi. Nikakata tamaa nikaendelea na mengine.

Kesho yake alasiri mtoto akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, cha kukabwa. Akakataa titi, akatapika. Mke wangu alimpigapiga mgongo, kisha akanitazama kwa jicho ambalo sikuwahi kuliona.

“Vitu zako zote ziko?”

Sikuweza kusema ndiyo. Nilimwambia kimoja kilipotea jana. Akauliza kina ukubwa gani, nikamwonyesha kwa kidole: nusu ya njiti ya kiberiti, na ncha zake. Alimfunga mtoto mgongoni akaanza kutembea kuelekea barabarani, na mama yake akachukua shuka akamfuata. Mimi nikawafuata wote wawili nyuma, kwa sababu hata katika hali ile miguu yangu ilikumbuka kutomkaribia mkwe.

Njiani nilimsikia mke wangu akimweleza mama yake kwa Kimaasai. Nilishika neno moja tu, treni. Baadaye nilielewa kwamba alimwambia mtoto huenda amemeza kipande cha treni yangu, na mama akabaki anawaza ni kipande gani cha treni kinachoingia katika mdomo wa mtoto. Mtu wa kumweleza sawasawa nilikuwa mimi, na mimi nilikuwa hatua nyingi nyuma, nimefunga mdomo kwa heshima.

Mjini tulipata hospitali yenye mashine ya eksirei. Mpigapicha, kijana mpole, alituambia tumvue mtoto kila kitu cha chuma na shanga. Mke wangu alimvua mkufu mpana wa shanga. Mtoto alikuwa mnene, wa kusifiwa njiani, na shingo yake ilikuwa mikunjo mitupu. Alilia, akashikwa, akapigwa picha, tukaambiwa tungoje kwenye benchi.

Sitaki kukumbuka lile benchi lakini linanijia lenyewe. Niliapa kwamba nikirudi nitalichukua sanduku zima la mzungu nilitupe chooni. Niliwaza kile kijiti, ncha zake, koo la mtoto. Niliogopa kumtazama mke wangu.

Kijana akatoka na picha, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Hakuhitaji kunieleza. Katikati ya mifupa midogo ya shingo kilikuwa kimelala kijiti cheupe, kina tundu kila upande. Kazi ya mkono wangu. Ningekitambua popote duniani. Nikakaa chini sakafuni, mbele ya watu. Kijana alikuwa anasema lazima mtoto apelekwe Nairobi, na mke wangu alikuwa ameanza kulia.

Ndipo mama mkwe akaja. Alinisogelea mimi hasa, akachuchumaa mbele yangu, uso kwa uso, akaigusa picha kwa kidole chake.

“Paker,” akaniambia kwa Kiswahili, “hii si ya treni. Hii ni yangu, nimeshonea mtoto.”

Alimchukua mtoto, akaingiza kidole chini ya mkunjo wa kidevu, akavuta uzi mmoja mwembamba wa shanga nyeupe. Katikati yake ulining'inia mkono wangu wa breki. Alikuwa amekiokota kijiti hicho uani akifagia, akadhani ni kimoja cha vile vibati vinavyong'aa ambavyo hushonewa kwenye shanga zao, kimeanguka kutoka kapuni mwake. Tundu zilikuwa tayari, ncha alizipinda kidogo zisimchome mtoto, akamfunga mjukuu asubuhi wakati mke wangu akifua nguo. Uzi ukazama katika mikunjo ile na hakuna aliyeuona, na shanga zake za plastiki hazikutokea pichani.

Kijana wa eksirei alipiga picha nyingine, mara hii shingo tupu. Ilikuwa safi. Daktari alimsikiliza mtoto akasema ni mafua na vumbi, akatoa dawa ya kikohozi. Kabla hatujatoka mtoto alikuwa amenyonya na kulala.

Tulikaa kwenye benchi, sote, tukihema. Furaha ya namna ile haina sauti. Nilikuwa naona tu kwamba ukuta wa hospitali una rangi nzuri. Baada ya muda ndipo nilipogundua kwamba aliyekaa kando yangu, bega kwa bega, si mke wangu. Mama mkwe naye akagundua. Alivuta shuka usoni akahamia mwisho wa benchi, na kule nikamwona akicheka kimyakimya, mabega yakimtikisika, nami nikashindwa kujizuia.

Alipotulia akauma uzi kwa meno ili anirudishie kipande changu. Nilimwita mwenyewe, bila kumpitisha mtu.

“Paker, wacha. Hiyo ni ya mtoto.”

Akakitazama, akafunga fundo upya.

Sanduku sikulitupa. Behewa nililimaliza Kitengela, na mara kadhaa nimekuwa na bati la ziada ambalo ningeweza kuchonga kwalo mkono mwingine. Tundu mbili za kuupokea bado ziko wazi upande ule, na mara moja moja huzifuta vumbi.