Wimbo wa Bi Tatu na Mara Moja ya Azzan

Ilikuwa mwaka wa thelathini. Hapana, si thelathini. Mwaka ule nzige walikula mihogo yetu mpaka mashina, na hakuna mtu wa Kariakoo aliyekuwa na moyo wa nyimbo. Ni thelathini na mbili, wakati wa vuli, maana nakumbuka matope mbele ya duka la Abdulla bin Humoud, nasi tumesimama ndani ya matope hayo kama bata, masikio juu.

Duka lile lilikuwa Mchafukoge, ukishavuka Mnazi Mmoja. Abdulla aliuza vitambaa, birika, kandili, na ukutani nyuma yake alipanga santuri. Gramafoni lake aliliweka mlangoni, pembe yake imeelekea barabarani, pana kama ua la boga. Meli ikileta mzigo kutoka Bombay, sisi tulijua kabla ya makarani wa forodha. Mimi nilikuwa nasukuma mkokoteni pale sokoni, nazi na magunia ya mchele, na kila Jumamosi kazi ikiisha nilinawa uso nikaenda kusimama. Kununua kulikuwa kwa wenye nyumba za mawe. Sisi wengine tulinunua kwa masikio.

Na tulikuwa wajuzi, msituone hivi. Udi ukipigwa ovyo tulijua. Mwimbaji akikata pumzi katikati ya neno tulimzomea, ingawa yeye yuko Bombay hatusikii. Abdulla alikuwa bahili wa sindano. Sindano ya gramafoni hubadilishwa kila upande wa santuri, yeye aliitumia moja mpaka inakwaruza kama kuku juu ya bati.

"Abdulla, badili sindano, unamchuna mwimbaji wa watu!"

"Anayetaka sindano mpya aingie ndani anunue! Nyie hapo nje mnanimalizia upepo bure!"

Tulicheka. Nayasema haya mjue kwamba sikuzichukia santuri. Nilizipenda kuliko chakula. Ndiyo maana hasira yangu mpaka leo haijapoa. Mtu hakasirikii kitu asichokipenda.

Sasa nimtaje mwenye habari hii. Bi Tatu binti Hamis alikaa Mtaa wa Swahili, nyumba ya udongo yenye baraza pana, na asubuhi na jioni aliuza vitumbua. Mwanamke mfupi, mwepesi wa kucheka, kanga yake daima imeungua ncha kwa moto wa jiko. Ukimwona pale na upawa wake usingedhani. Lakini alikuwa ndiye mwimbishaji wa lelemama, ngoma ya wanawake, kwa mitaa yetu yote, na akifungua mdomo hata waliokuwa wanagombania zamu ya bomba la maji walinyamaza.

Alikuwa na binti mmoja, Mwanamkuu. Alipomwoza, Bi Tatu alitunga wimbo wa kumkabidhi kwa mumewe. Nilikuwepo nje usiku ule, nimekaa juu ya mkokoteni wangu. Nakumbuka mwanzo wake:

*Leo nampa mkono, mkwe wangu mpokee,*
*Hajui kulia mno, akilia umwendee.*

Maneno ya kawaida, mtasema. Basi subirini. Mwaka haukuisha, Mwanamkuu alifariki katika uzazi wake wa kwanza, yeye na mtoto. Na tangu siku hiyo wimbo ule haukuwa tena wimbo wa harusi tu. Bi Tatu aliufunga. Ngomani hauimbi, jikoni hauimbi. Aliutoa kwa jambo moja peke yake: mama mwenye binti mmoja kama wake, anayemwoza, akija kuuomba.

Kuomba nako kulikuwa na desturi yake, na hapo ndipo palipoharibika. Kwetu wimbo wa mtu hauchukuliwi kama embe la njiani. Unakwenda kwa mwenyewe na sinia ya tambuu, uvumba na asumini juu yake. Unasema: naomba kuazima. Akikubali, anaipokea sinia na kukwambia mara ngapi. Mara moja, basi mara moja. Sinia inabaki kwake kama rehani. Ukishaimba, unakuja kuichukua sinia yako, na siku hiyo wimbo umerudi nyumbani. Hakuna karatasi, hakuna shahidi. Watu waliishi hivyo miaka na hakuna aliyedhulumiwa.

Akaja Azzan. Azzan bin Abdulla, mtoto wa huyo huyo mwenye duka. Kijana mzuri, kofia yake nyeupe kama wali, na sauti, Mungu amsamehe, sauti alikuwa nayo. Alikuwa na klabu ya taarabu iliyopiga ghorofani karibu na Mnazi Mmoja. Nilikwenda mara kadhaa. Sisi wa mikokoteni tuliachiwa ngazi, lakini ngazini nako kunasikika. Akiimba Azzan, wanawake walikuwa wanainuka na kumtunza mpaka vitambaa vinamfunika mabega. Nami nilimpenda. Nasema kweli, nilimpenda.

Dada yake Fakhriya alikuwa anaolewa, binti pekee wa mama yake. Azzan akapita mwenyewe Mtaa wa Swahili na sinia ya shaba.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Leo umepotea njia, watu wa Mchafukoge huku kwetu?"

"Nimefuata harufu ya vitumbua."

"Muongo wewe! Kitumbua hakifuatwi na sinia ya tambuu. Sema."

Akasema. Anaomba kuazima kwa niaba ya mama yake, auimbe harusini. Sisi tuliokuwa pale barazani tunakula tukaacha kutafuna. Kisha akaipokea sinia.

"Nakuazima kwa ajili ya mama yako, maana najua anavyojisikia. Uimbe mara moja, Azzan. Mara moja."

"Mara moja, bi mkubwa. Wallahi sizidishi."

Siku ya harusi nilisimama nje ya nyumba ya akina Abdulla mpaka miguu inakufa ganzi, nikingoja wimbo ule. Haukuimbwa. Wakasema ile ala yao, kanuni, imekatika nyuzi. Bi Tatu mwenyewe alikuwa ndani kwa wanawake, akaona ni bahati mbaya. Sinia ikabaki kwake, hakuna aliyekuja kuichukua. Alifikiri vijana hawana adabu siku hizi, wamesahau. Akaifuta vumbi kila Ijumaa na kuiweka juu ya sanduku. Hilo tu ndilo kosa lake: sinia ilikuwa inamwambia kwamba wimbo bado haujaimbwa, yeye akadhani inamwambia kwamba Azzan ni msahaulifu.

Miezi ikapita. Azzan alisafiri Bombay na wapigaji wake, akarudi, watu wakampokea Feri kwa vigelegele. Kisha ikaja meli ya santuri.

Jumamosi hiyo matope yalikuwa mpaka kwenye vifundo. Abdulla akatia ufunguo gramafoni, na leo kwa mara ya kwanza nilimwona anatoa sindano mpya kwenye kibati. Akapangusa santuri kwa mkono wa kanzu yake.

"Sikilizeni, enyi wanunuzi wa bure! Huyu si wa Misri wala wa Unguja. Huyu mwanangu!"

Udi ukaanza, fidla ikafuata. Halafu: *Leo nampa mkono.*

Niseme ukweli? Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kupita zote zilizowahi kutoka katika pembe ile, na hilo linanikasirisha zaidi. Watu walipiga kelele za furaha. Mwuza kahawa mmoja akaanza kucheza na dele lake la kahawa mkononi. Ilipokwisha, Abdulla akairudisha sindano mwanzo. *Leo nampa mkono.* Akairudisha tena.

Nilikwenda kwa mbio Mtaa wa Swahili, nikitaka asikie kwangu kabla hajasikia kwingine. Nilichelewa. Hoteli ya chai iliyotazamana na nyumba yake ilikuwa imeshanunua ya kwake mchana ule. Nilimkuta barazani, ameshika upawa, vitumbua vinaungua. Ng'ambo ya barabara watu wanakunywa chai, wengine wanapiga meza, mlevi mmoja anaimba "akilia umwendee" na kujishika kiuno, wenzake wanakufa kwa kicheko.

"Sadalla," akaniambia, "unamsikia mwanangu wanavyomcheza?"

Nikaipua karai.

Asubuhi yake alikwenda dukani, nami nikamsindikiza. Hakutaka kitu. Nataka hili lieleweke, maana baadaye walimsingizia kwamba alitaka fungu. Abdulla alipomwona alivuta droo, akasema, "Bi Tatu, tusivunjiane heshima, chukua chochote." Bi Tatu hakuitazama ile droo.

"Nataka unyamazishe. Hapa na hotelini kwa jirani yangu. Basi."

"Mama, santuri si mtoto, huwezi kuiambia inyamaze. Zimeshakwenda Tanga, zimeshakwenda Bagamoyo. Nani atakwenda kuzikusanya?"

"Wewe uliyezitawanya."

Abdulla akacheka kidogo, kicheko cha mfanyabiashara. Jambo likapelekwa barazani kwa Mzee Abbasi, aliyekuwa akiamua magomvi ya ngoma na nyimbo mjini kwetu. Wazee wakakaa mikekani, kahawa ikapita. Azzan akaja, ananukia udi, akawabusu wazee mikono, akambusu na Bi Tatu mkono.

"Azzan," akasema Mzee Abbasi, "mwanamke huyu anasema alikuazima mara moja nawe umezidisha."

"Sikuzidisha, mzee wangu. Nimeimba mara moja."

"Mara moja!" Bi Tatu aliinuka. "Tangu Jumamosi sijalala! Ikifika adhuhuri nimeshakusikia mpaka sihesabu tena!"

"Hukunisikia mimi, bi mkubwa. Mimi nilikuwa nyumbani nimelala." Watu wakacheka. "Harusini kwa Fakhriya sikuimba, muulizeni aliyekuwepo. Sinia yangu iko wapi? Iko kwako mpaka leo. Basi mara yangu moja ilikuwa bado ninayo. Nikaimba Bombay, chumbani, mara moja, mbele ya mashine ya kunasa sauti. Mzungu mwenye mashine akataka turudie, nikakataa. Waulizeni wapigaji wangu. Nikamwambia, nimemwapia bibi wa watu, mara moja. Zilizobaki zote anaimba mashine. Mimi nitamzuiaje mashine?"

Na mjue, alikuwa anasema kweli. Mpiga fidla aliapa kwamba Mzungu yule aligomba sana kwa sababu Azzan hakukubali kurudia. Kijana aliilinda ahadi yake kama mtu anayelinda yai, huku anamuua kuku.

Wazee wakatazamana. Nikaona ndevu zinaanza kukubali. Mmoja akasema, "Sinia ni hoja." Mwingine, "Sinia ni hoja kubwa." Mzee Abbasi akamaliza kikombe chake na kusema kwamba desturi haikuvunjwa, kijana aliomba, akapewa, akaimba mara aliyopewa, sasa aende akachukue sinia yake na wapeane mikono, na asiyeridhika amwachie Mungu.

Amwachie Mungu! Nimezeeka, nimetembea miji mingi, nimelala misikitini na chini ya mabanda ya soko, na neno hilo nimelisikia kila mahali likisemwa na walioshiba kuwaambia wenye njaa. Mimi si mtu wa kugombana. Mke wangu marehemu alikuwa akinicheka kwamba hata kuku simfukuzi, namwomba. Lakini siku ile niliikalia mikono yangu, isije ikampiga mtu.

Bi Tatu hakupeana mkono na mtu. Azzan alipokuja kuichukua sinia, kwa adabu zake zote, alimfungia mlango. "Wimbo haujarudi," akasema kutoka ndani. Akaacha lelemama. Mama waliokuwa wanaoza binti zao hawakuja tena kuomba. Kwa nini wahangaike na tambuu, wakati hoteli inaazimisha gramafoni? Wakaozesha kwa pembe. Kabla ya masika kuanza aliuza nyumba akahamia Buguruni, ambako wakati ule kulikuwa mashamba na vyura tu. Nilimpelekea vyombo vyake kwa mkokoteni. Tulipofika akasimama uani, akageuza sikio huku na huku, kisha akakaa chini akalia kwa sauti. Nilimuuliza kuna nini.

"Kimya, Sadalla. Nasikia kimya."

Aliishi huko mpaka mwisho wake. Vitumbua aliendelea kupika. Kuimba, hapana.

Mimi sikurudi tena kusimama mbele ya duka la Abdulla. Nilirudi barazani kwa Mzee Abbasi. Nilikwenda siku wazee wote wapo, nikavua viatu, nikaamkia, nikapewa kahawa. Nikasema, wazee wangu, mimi ni msukuma mkokoteni, Kurani nimeishia juzuu chache, lakini jambo moja linanikosesha usingizi, naomba mnifahamishe. Wakasema, sema Sadalla. Nikawauliza. Mzee Abbasi akatazama kikombe chake. Mwingine akauliza kama mchele umepanda. Nimeuliza tangu hapo kwa masheikh, kwa walimu wa shule, hata kwa Azzan mwenyewe alipokuwa mtu mzima mwenye mvi, akanishika bega, akaenda zake.

Niliwauliza hivi tu: haya, Azzan aliimba mara moja, basi siku ile ng'ambo ya barabara, watu wanapiga meza na mama wa marehemu vitumbua vinamuungulia, aliyekuwa anaimba ni nani?