Programu ya Bure Aliyoniwekea Wifi

Nilinunua kompyuta mpya kwa sababu kioo cha ile ya zamani kilikuwa kimechoka. Ndivyo nilivyomwambia kila aliyeniuliza. Maandishi yalikuwa yanakuja na ukungu, hasa jioni, na mimi kazi yangu ni maandishi: natafsiri vipeperushi vya afya, vile vinavyogawiwa kliniki. Ofisi inayonipa kazi ilikuwa imenirudishia viwili mfululizo, ikidai vina makosa. Safari ya pili yule dada wa ofisini alinipigia simu, akaniambia kwa adabu zote, "Mama, ikitokea tena itabidi tumpe mtu mwingine."

Nikamjibu sawa mwanangu. Nilipokata simu nikasonya mpaka nadhani jirani alisikia. Makosa aliyonitajia sikuyafanya mimi, nilikuwa nimeipitia kazi ile mara chungu nzima. Hapa kuna namna, nikasema. Kuna mtu pale ana mdogo wake anatafuta kazi, basi anaingiza mkono kwenye yangu. Bongo hii nani haijui?

Nikaenda Kariakoo na wifi yangu. Huyu ni dada wa marehemu mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi. Tangu kaka yake afariki, kila Jumamosi anakuja kwangu Mchafukoge na mfuko wa matunda, anakaa, ananiangalia, anaangalia kuta. Sikuwahi kumuuliza anaangalia nini. Nyumba ninayokaa aliinunua kaka yake, na mimi si mtoto wa jana.

Mwenye duka alikuwa na ulimi wa asali. "Mama yangu, hii mpya kabisa, haijaguswa na mtu." Akanionyesha stika. Nikaibandua kwa kucha nione kama chini yake kuna nyingine. Yeye akacheka, mimi sikucheka. "Na programu nakuwekea zote," akaendelea, "ya kuandikia, ya kuzuia virusi, kila kitu. Utanipa ya soda tu."

Wifi akadakia. "Za kuchakachua hizo. Zinakufungia kazi ukiwa katikati."

"Dada, mbona Kariakoo nzima tunatumia hizi hizi?"

"Ndiyo maana Kariakoo nzima mnalia virusi. Tutaweka wenyewe, zipo za bure."

Bure! Nikamgeukia nikamtazama vizuri. Mjini hapa hata choo unalipia, leo mtu akupe programu nzima bure? Lakini sikutaka kubishana naye mbele ya muuzaji, nikalipa kompyuta yangu tukatoka.

Nyumbani wifi akawasha wifi ya simu yake, na hapo kicheko kilinijia nikakibana, nisimpe nafasi. Akaanza kushusha programu, moja ya kuandikia, moja ya kusomea, nyingine sikuielewa.

"Wanaozitengeneza wanakula nini?" nikamuuliza.

"Wengine wana kazi zao, wengine wanachangiwa. Wanasema kitu cha kazi kama hiki watu wasifungiwe. Zinaitwa programu huria. Yeyote anaweza kufungua aone ndani zimeundwaje."

"Wewe umefungua ukaona?"

"Mimi wapi, wifi. Sijui kusoma yale mambo."

"Kumbe umeambiwa tu."

Akaendelea kubonyeza.

Nikiri kwamba ile ya kuandikia ilifungua kazi zangu zote za zamani bila kunung'unika. Hilo nalo likanitia wasiwasi. Nikawa nakata intaneti kila ninapoandika, na ile kamera ya juu nikaibandika plasta ya kidonda. Changa la macho sipigwi mimi.

Kilichonikasirisha zaidi ni kioo. Haikupita wiki, ukungu ule ule ukaingia kwenye kompyuta mpya! Nikaibeba mpaka dukani. "Umeniuzia kilichotumika," nikamwambia mwenye duka, na sauti sikuipunguza. Akakifuta kioo kwa kitambaa, akakiinamisha huku na huku, akamwita jirani yake wa duka la simu awe shahidi. "Mama, kiko safi kama maji," akasema yule jirani. Wakatazamana, kisha wakanitazama mimi, ghafla wakawa wapole. Nikaondoka na kompyuta yangu kwapani nikijua hawa wanakula pamoja.

Siku moja nikabonyeza vitufe vibaya, kompyuta ikaanza kuongea. Mama yangu! Sauti ya kiume, kavu, inatamka Kiswahili kama mtu aliyeshuka uwanja wa ndege jana. Kila nilipopeleka mshale, inanisomea kilichopo. Nikampigia wifi hapo hapo.

"Umeniwekea nini humu? Kuna mtu anaongea!"

"Usiogope, wifi. Hiyo inasoma maandishi kwa sauti. Nayo ni ya bure, waliianzisha watu wasioona wenyewe. Wanafunzi wangu wasioona wanaitumia."

"Kwa hiyo mimi ni kipofu?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Usingeiweka."

Nikamkatia simu. Sasa nilikuwa nimemjua: ataenda kwa ndugu zake aseme mjane wa kaka yetu hajiwezi tena, tumtafutie pa kukaa, nyumba tuitazame upya. Ningeifuta ile programu siku ile ile ningejua inavyofutwa, na wa kumuuliza alikuwa ni yeye.

Kazi ya tatu ikaja, kipeperushi cha kunyonyesha. Hii nikaipitia neno kwa neno, pua karibu na kioo, mpaka kichwa kikauma. Ilipokuwa tayari kwenda, shetani akanipitia, nikaiwasha ile sauti. Nilitaka kuisikia ikijikwaa, ili wifi akija nimwambie, hiyo bure yako haijui Kiswahili.

Ikasoma. Ikajikwaa kweli, ikaweka mikazo isipostahili, nikafurahi. Halafu ikasema, "Mwache mtoto anyonge mpaka ashibe mwenyewe."

Nikacheka kwa sauti. Lijinga hili! Kunyonya linaita kunyonga. Nikairudisha. Anyonge. Nikasogeza uso, nikauona mstari: anyonye, tena waziwazi. Nikaipeleka mstari wa chini, kwenye neno lile lile. Anyonye, ikasema, vizuri kabisa. Nikairudisha juu. Anyonge. Sikucheka tena. Y ina mkia na g ina mkia.

Ilikuwa Jumamosi. Wifi akabisha hodi na mfuko wake wa matunda, kana kwamba sikumkatia simu. Sikumkaribisha hata kukaa. Nikamvuta mkono mpaka mezani nikamwekea kidole kwenye kioo.

"Soma hapa."

Akainama. Akachukua muda mrefu kuliko neno lenyewe lilivyostahili.

"Anyonge," akasema.

"Ni y hiyo."

"Ni g, wifi."

Nikakaa. Nilivifikiria vile vipeperushi viwili, na yule dada wa ofisini niliyemsonya, na mwenye duka, na jirani yake wa simu. Nilikuwa nimemshuku kila mtu mwenye macho. Nikamuuliza wifi alijua tangu lini.

"Tangu msiba wa shangazi. Ulipita mbele yetu wote pale barazani bila salamu, ukaenda kukaa na watu usiowajua. Nyumbani wakasema umeanza kuringa tangu kaka afe. Nikawaambia haringi, haoni. Wakanicheka." Akafuta uso kwa upande wa mtandio. "Nilishindwa kukwambia. Ungeniambia nataka nyumba."

Ningemwambia hivyo hivyo. Nikalia pale mezani mbele yake, mimi niliyekuwa nimeapa hatayaona machozi yangu. Hakunibembeleza, alinishika bega tu akasubiri. Nilipomaliza nikamwambia airekebishe ile g, na Jumatatu anipeleke hospitali. Kisha nikafumba macho, nikaweka vidole juu ya vitufe, nikamwomba anifundishe ile sauti inavyoendeshwa.