Nilipomsihi Mama Rehema Asifunge

Mnicheke, lakini msinicheke sana. Tangu mke wangu afariki, jioni nakula mgahawani kwa Mama Rehema, mjane wa hapa Chanika. Siku nyingine ni yeye peke yake ninayezungumza naye.

Juzi akaniambia, "Mzee Shabani, Ijumaa nafunga. Usikose kuja nyumbani."

Nikajua anaufunga mgahawa moja kwa moja. Sikuuliza zaidi.

Ijumaa nilichelewa. Nikakuta wanaume wamejaa barazani na shehe katikati yao, nikadhani ni dua ya kuagana na wateja. Shehe alipouliza kama kuna mwenye neno, nikasimama.

"Mimi napinga," nikasema. "Mama Rehema asifunge. Akifunga, mimi nitakwenda wapi?"

Shehe akavua miwani.

"Mzee wangu, unaipinga ndoa hii kwa sababu gani?"

Ndipo nikamwona bwana harusi kando yake, kanzu mpya, ananitazama.

Nyuma ya pazia mwanamke mmoja akasema, "Kumbe na huyu alikuwa anamtaka!"

Nikafungua mdomo nikanushe, nikashindwa.