Mikaratusi ya Warithi

Zulmira Antunes alikuwa na miaka sabini na mmoja siku manispaa ilipomvisha kizibao cha njano na kumkabidhi ufunguo wa kanisa letu dogo. Kazi yake ilikuwa moja: moto wa msituni ukija, agonge kengele, atukusanye kanisani, atuhesabu. Kutuhesabu hakukuwa taabu. Kijijini kwetu Ribeira Cova tulikuwa tumebaki watu tisa.

"Umekuwa jenerali," jirani yake Albano alimtania. "Jenerali wa vikongwe."

"Na jeshi lenyewe ndiwe, Mungu anisitiri. Shika panga twende."

Kila Machi tulifyeka vichaka kuzunguka nyumba na kuzibua kijito. Bi Deolinda, ambaye miguu ilikuwa imemkatalia, alitupikia supu ya kabichi na kutukosoa kutoka dirishani: "Albano! Huko ni kufyeka au kunyoa ndevu?"

Ila nyuma ya nyumba yake Deolinda palikuwa na msitu wa mikaratusi, miti yenye mafuta inayoshika moto upesi, mali ya ukoo uliohamia Ufaransa. Zulmira aliwaandikia barua nne. Ya nne ndiyo iliyojibiwa: warithi ni kumi na mmoja, bado hawajaelewana shamba ni la nani. Tukajaribu kuufyeka wenyewe. Kila mti tuliokata ulichipua mitatu.

Moto ulikuja alasiri moja ya Agosti, kutoka huko huko. Zulmira aligonga kengele mpaka mikono ikachubuka. Alipotuhesabu, Deolinda hakuwamo. Akarudi mbio pamoja na Albano, wakamkuta ameketi jikoni kwake.

"Niacheni. Nimezaliwa humu."

"Kufa utafia kwingine," Zulmira alimwambia. "Albano, shika kiti upande huo!"

Wakambeba na kiti chake. Tuliziba mlango wa kanisa kwa mablanketi yaliyoloa, tukalala sakafuni, na moto ukapita ukinguruma juu ya paa. Tulitoka tisa, kama tulivyoingia. Nyumba za upande tuliofyeka zilikuwa zimesimama. Za upande wa mikaratusi, ya Deolinda ikiwemo, zilibaki kuta.

Wakubwa wa manispaa walikuja kumpongeza Zulmira. Nyuma yao walikuja watoto wetu na magari. "Mama, hapa si pa kuishi tena." Kufika Krismasi tulikuwa watatu. Deolinda alipelekwa makao ya wazee mjini, akafariki Februari. Tulipigiwa simu alipokwisha kuzikwa.

Machi, Zulmira alivaa viatu vyake vya shamba kama kawaida. Mikaratusi ilikuwa imeota kwenye majivu kwa maelfu, mingine imemfika kiunoni. Albano, ambaye kifua hakikupona tangu ule moshi, alikaa ukutani. Mimi nyonga haikuniruhusu kuinama, nilikusanya matawi kwa reki.

"Tunamfyekea nani, jirani?" Albano aliuliza.

Zulmira aliinua tena panga. Alifyeka mpaka adhuhuri, akageuka kuangalia alipofika. Hatua kumi na moja. Akaweka panga chini, akaja kukaa nasi.

"Binti yangu anakuja Jumamosi," alisema.

"Kukutembelea?"

"Kunichukua."

Albano alimega mkate wa mahindi, akampa kipande kikubwa. Tulikula, tumeipa mgongo ile mikaratusi.