Mzinga wa Kanda Kule Bujumbura

Sauti ya mama yangu imefungiwa Bujumbura, ndani ya mashine ambayo sijawahi kuigusa, na mtu aliyejua kuiomba ni mwanamke niliyemwonea wivu kuliko mtu yeyote Uvira.

Kabla ya mashine hiyo, kaseti zote za redio yetu ndogo ya Mulongwe, hapa Uvira, zilikuwa chini yangu. Nilizipanga kwa barabara: rafu ya njia ya Luvungi, rafu ya njia ya Fizi, rafu ya milimani. Vita ilikuwa imetawanya watu, nasi tulirekodi salamu zao ili ndugu wazisikie hewani. Mtu akitaja alikotoka tu, nilikuwa nimeshaishika kaseti yake. Mama nilimrekodi mwenyewe, Luvungi: “Tuko wazima. Musitume chumvi, iko.”

Mapigano yaliposogea, studio moja ya Bujumbura ikakubali kututunzia nakala. Mmoja wetu alipaswa kuvuka mpaka kwenda Burundi kujifunza kutumia mashine yao. Nilipiga pasi shati. Mkuu wetu akamtuma mwenzangu, msomaji wa habari, aliyenikuta kazini na ambaye hakuwahi kupangusa vumbi hata kwenye kaseti moja.

Alirudi na begi jipya na maneno mengi ya Kifaransa. Akatueleza: ni kabati refu kuliko mtu, kanda zimechomekwa humo kila moja katika tundu lake, na mkono wa chuma unapita katikati. Mkono unasoma mistari iliyobandikwa mgongoni mwa kanda, unaichomoa, unaipeleka kwenye chombo cha kuisoma. Hakuna mtu anayeingia. Wengine walitazama mikono yake ikichora hewani. Mimi nilitazama viatu. Navyo vilikuwa vipya.

Kwa kuwa tungeomba kanda kwa simu, mkuu alitaka maneno ya Kiswahili ya kuiita mashine hiyo, ambayo kila mmoja wetu angeyasema bila kukwama. Nilikuwa nimeandaa langu. Nikasimama.

“Hifadhi ya kanda inayojiendesha yenyewe.”

“Yaya,” mwenzangu akasema, akiniita kama mkubwa wake, “mbele umalize kuisema, vita itakuwa imeisha.”

Walicheka hadi fundi wa jenereta akaja kuchungulia.

“Na weye unaiita nini?” nikamuuliza.

“Muzinga. Nyuki ziko na vyumba, kanda nazo ziko na vyumba. Na ile chombo ya kusoma, kisomeo. Basi.”

Lilikuwa jina zuri. Hilo ndilo lililoniuma. Muda si mrefu hata wenye pikipiki waliongoja abiria langoni walikuwa wakiulizana kama mzinga umejibu.

Mkuu alipopiga simu mara ya kwanza aliomba “kanda ya njia ya Luvungi.” Kule wakamuuliza namba ya mistari, maana mkono haujui barabara. Mwenzangu akaichukua simu, akataja namba na chumba, na kanda ikapatikana. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza njia yoyote. Kaseti za kwenye rafu tulizirekodia upya, kama tulivyofanya siku zote mpya zilipokosekana. Ya mama ilifutika pamoja nazo. Sikuhofu, nakala ilikuwepo Bujumbura.

Kisha mama akafariki akiwa ukimbizini, na ndugu zangu wakataka kumsikia siku ya kumaliza matanga. Nilizunguka nikitafuta mtu mwingine wa kuniombea kanda ile. Hakuwepo. Nikaenda kwake.

“Dada, nisaidie.”

Hakunicheka. Ningeona nafuu kama angenicheka. Alipiga simu, akataja chumba kwa sauti ileile ya kusomea habari, tukangoja. Halafu akaziba simu kwa kiganja.

“Mukono umeichukua. Kisomeo imeikataa. Ao kanda imekufa, ao kisomeo ndiyo mubaya. Watajaribu kisomeo ya pili.”

Mtandao ukakatika kabla hawajarudi kwenye simu, na siku zile haukurudi. Matanga tuliyamaliza kwa nyimbo tu.

Mpaka wa Burundi ulipokaribia kufungwa, mwenzangu alivuka na watoto wake, akiniahidi kwamba angekwenda mwenyewe kusimama mbele ya mzinga. Kama kanda imesomeka, basi yeye ndiye aliyemsikia mama yangu kwanza tangu afariki. Namba yake haipatikani, na hakuna aliyenithibitishia kama kisomeo cha pili kilijaribiwa.