Lango la Hared

Ruqiya alikuwa ameuza maziwa ya ngamia sokoni Garissa tangu kifungua mimba wake akiwa mgongoni, na katika miaka yote hiyo hakuona kitu chenye kelele nyingi na faida haba kama tovuti ya Hared. Asingeikaribia, ila Adey alikuwa amepotea.

Adey ndiye ngamia pekee aliyekuwa na maziwa. Alitoroka kundini upande wa Balambala, na tangu siku hiyo vibuyu vya Ruqiya vilining'inia vikavu na watoto wakanywa chai ya rangi. Zamani mnyama akipotea uliuliza kila msafiri. Siku hizi aliyeokota mnyama alimtumia Hared picha, naye akaiweka kwenye tovuti yake aliyoiita Lango. Shemeji yake Ruqiya, Abshir, alikwisha kwenda kutazama akarudi mikono mitupu. Ruqiya hakuridhika. Akajifunga buibui, akabeba kibuyu, akaenda mwenyewe.

Hared, mtoto wa kaka yake, alikuwa na mvi ndevuni, lakini akili yake ilikwama siku alipoingia saiba ya intaneti mara ya kwanza akiwa kijana. Huko alionyeshwa kurasa zilizosheheni kila kitu, habari, barua, hali ya hewa, hata nyota, akaamini uzuri umekomea hapo. Basi Lango lake lilikuwa na dunia inayozunguka, maandishi yanayowaka na kuzima, muziki usiozimika, na katuni ya fundi mwenye koleo aliyechimba miaka na miaka bila kufika popote. Kwenye simu maandishi yalisambaa kama siafu. Lilitaka kivinjari cha zamani, na kivinjari hicho kilikuwa ndani ya kompyuta ya Hared tu. Lango gani hilo, Ruqiya aliwaza, ambalo lazima uende kwa miguu kwa bawabu wake?

"Karibu, Eddo. Subiri kidogo, inapakia," alisema Hared. Eddo ni shangazi kwao.

"Inapakia nini? Lori la Hulugho lingekuwa limeshapakia na kuondoka. Na hizi nyota zinazoanguka zinatafuta ngamia gani?"

"Ni urembo, Eddo. Mgeni lazima apendezwe."

"Aliyepotelewa na ngamia hataki kupendezwa, wewe. Ana haraka."

Picha ilishuka polepole, nundu kwanza, kisha tumbo. Ngamia jike mweupe. Moyo wa Ruqiya ukaruka, kisha ukaanguka: chapa ilikuwa paja la kulia. Watu wake huchoma kushoto.

"Si wangu," alisema. Kwa hasira akatafuta wa kumsema, akampata mwanamume aliyechuchumaa kando ya ngamia. "Na huyu asiye na haya, anakunywa maziwa kwa mkono wa kushoto! Mtoto wa nani huyu?"

"Huyo ni Kadar wa Balambala."

"Maalim Kadar? Aliyewafundisha wanangu Kurani, akawachapa kwa kushika mkate kwa kushoto?"

Akaikodolea macho ile picha. Kisha akamgeukia mpwa wake.

"Hared. Umeifanya nini picha hii?"

"Sijafanya kitu, wallahi. Nimemgeuza tu, kama kwenye kioo. Mnyama akitazama nje ya ukurasa, macho ya mgeni humfuata, mgeni akaondoka. Kwa hiyo nawageuza wote watazame ndani."

"Umemhamishia ngamia chapa! Ndiyo maana Abshir alisema ni wa watu wengine. Watoto wangu wanalala bila maziwa ili ukurasa wako upendeze?"

Hared alinyosha mkono kuzima muziki. Haukuzimika.

Ruqiya akampigia Kadar.

"Adey yuko hapa, anakamuliwa asubuhi na jioni," alisema maalim. "Nilishangaa mbona mwenyewe haji. Nilidhani ametajirika."

Alipokata simu, Hared alikuwa anatabasamu. "Alhamdulillahi! Nitaandika 'Amepatikana', herufi nyekundu, ziwake na kuzima."

"Usiwashe kitu. Rudisha wanyama wote walivyokuwa. Pengine kuna mama wa Sangailu anayelia kwa ajili ya mchezo wako. Anza na wangu, nione."

Hared akabonyeza. Walingoja tena, dunia ikazunguka, fundi akachimba. Hatimaye Adey akatokea akiwa na chapa yake paja la kushoto, uso ukielekea nje ya ukurasa.

"Unaona, Eddo? Hapendezi. Ni kama anaondoka."

"Anaondoka kweli," alisema Ruqiya, akachukua kibuyu chake na kushika njia ya Balambala.